Mtu wa Kukaa Naye Leba

Jumamosi, 2 Machi

Mvua imeanza leo mchana bila hata kutupa nafasi ya kuanua nguo. Lakini si mvua iliyonifanya nitafute kalamu.

Tulikuwa mezani watu watatu. Mwanangu yuko nyumbani wiki hii kwa sababu lori lake limelala gereji. Mke wake, ambaye siku hizi tumbo ndilo linalofika mezani kwanza, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "Mama, nimempata msindikizaji."

Nikauliza anasindikizwa kwenda wapi.

"Leba."

Nikadhani masikio yangu ya uzee yananichezea. Akanieleza. Eti wapo wanawake ambao kazi yao ni kukaa na mjamzito. Anakuja nyumbani kabla ya siku zenyewe, uchungu ukianza anakuwa naye hadi mwisho, na baadaye anamtembelea. Si mkunga. Hapimi, hatoi dawa, hazalishi.

"Sasa anafanya nini?"

"Anakaa na mimi, mama."

"Anakaa."

"Ndiyo."

Nikamtazama mwanangu. Alikuwa ameinamia sahani kama mtu aliyedondosha sindano ndani ya wali. Kumbe alikuwa anajua.

Nimefundisha darasa la kwanza mpaka nimestaafu, nimeona watoto wakila chaki na wazazi wakipigana mbele ya mwalimu mkuu, lakini leo nimeduwaa. Binti huyu alifiwa na mama yake akiwa bado shuleni. Tangu aingie nyumba hii ananiita mama, na sikumlazimisha. Nilishaweka mkoba wangu tayari chini ya kitanda, shuka mbili, sabuni, ndala. Nilikuwa nasubiri tu kuambiwa "mama, twende". Sasa anakwenda na mtu wa kukodi. Mimi ni nani humu ndani, picha ya ukutani?

Jumatatu, 4 Machi

Mvua kutwa. Sikumsemesha mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja. Nilitegemea mtu mzima, mwenye uso wa kutulia. Amekuja msichana ambaye ningeweza kumfundisha a-e-i-o-u, suruali imelowa hadi magotini, anacheka mlangoni kabla hajajua kama tumefurahi kumwona.

"Shikamoo mama. Samahani nimechelewa, maji yamejaa barabarani, nimebeba viatu mkononi."

Nikaitikia marahaba ya shingo upande. Amekula sahani mbili. Amesifu mchuzi, akaomba wa kumalizia. Zamani alikuwa mapokezi kwenye ofisi ya mawakili, akaacha, akasomea hii kazi. Ana mtoto mmoja. Nikamuuliza amezalisha wangapi.

"Hakuna, mama. Mimi sizalishi. Wakunga wanazalisha. Mimi namshika mkono anayezaa."

Alisema hivyo bila aibu hata kidogo, mdomoni ana mfupa.

Ijumaa, 15 Machi

Leo ameleta mpira. Si wa kuchezea. Mpira mkubwa, wa buluu, unaofika magotini, na mke wa mwanangu akapandishwa juu yake sebuleni, miguu kaitanua, anazungusha kiuno huku na huku, na mwenzake amemshika mabega anamwambia, "Legeza taya. Taya ikilegea, na huko chini kunalegea."

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi nikasimama pale pale. Hayo maneno yanasemwa sebuleni, saa nne asubuhi, madirisha wazi.

Jumanne, 19 Machi

Jirani yetu, mke wa seremala, ameingia kuazima mwavuli akauona mpira. Ameondoka bila mwavuli, ana haraka ya kwenda kusimulia. Jioni mtaa mzima unajua kwamba nyumbani kwa Mwalimu wajawazito wanafanywa wacheza sarakasi. "Sisi tulijifungua bila kushikwa mkono na mtu," aliniambia mlangoni, "na watoto wakatoka."

Nikamwambia ndivyo hivyo. Nilifurahi kupata mtu wa kuniunga mkono, hata kama ni yeye.

Jumatano, 20 Machi

Nimejaribu kuukalia mpira wakati wako kliniki. Nimeanguka. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 24 Machi

Leo nimesikia kitu ambacho hakikukusudiwa kunifikia. Nilikuwa jikoni nachambua mchele, wao wako chumbani, na mlango wa chumba kile haujawahi kufunga vizuri tangu mvua zimevimbisha mbao.

Msindikizaji aliuliza, "Ukifikiria siku yenyewe, unaogopa nini zaidi?"

Nilidhani atasema maumivu. Kila mtu huogopa maumivu. Akasema, "Kuachwa peke yangu. Mama alipokuwa anaumwa, nilikwenda kuchota maji, niliporudi alikuwa ameshakata roho, peke yake. Basi mimi nikiwa kitandani naona hivyo. Naita, na watu wamekwenda kuchota maji."

Mchele ulinimwagika. Miaka minne tunakaa nyumba moja. Nilijua mama yake alikufa kwa ugonjwa, nilimpa pole siku ya posa, nikaona nimemaliza. Sikuwahi kumuuliza alikufaje, na yeye alikuwa wapi.

"Na mama mkwe?" msindikizaji aliuliza. "Huyo naye si yupo?"

"Yupo. Ni mwema. Lakini kila nikitaja leba anabadilika uso. Naogopa kumtwisha."

Nimeokota mchele punje kwa punje. Ninabadilika uso? Mimi?

Jumatano, 3 Aprili

Mvua imetoboa bati la uani. Tumeweka ndoo.

Msindikizaji alibaki na mimi jikoni wakati mwenzake amejilaza. Alikuwa ananisaidia kumenya vitunguu, anatokwa machozi na kucheka. Kisha akaniuliza, kama anavyouliza kila kitu, bila kupiga hodi: "Na wewe mama, ulijifunguaje?"

"Vizuri. Kama watu wote."

"Kulikuwa na mtu pamoja nawe?"

Nikamwambia vitunguu vinatosha. Nikamwambia mvua inazidi, atachelewa gari. Nilimfungulia mlango mwenyewe. Ameondoka hajafunga hata kamba za viatu.

Watu wangu wote waliniona nikipita na tumbo. Mama yangu mzazi, dada zangu, walimu wenzangu, marehemu mume wangu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza swali hilo.

Alhamisi, 4 Aprili

Leo sina la kuandika.

Jumatatu, 8 Aprili

Lori limepona. Mwanangu amepata mzigo wa kwenda mbali na amesema atarudi kabla ya siku zilizotajwa na kliniki. Mke wake alimfungia chakula. Nilimwambia abaki. Akasema, "Mama, daktari ametaja mwisho wa mwezi." Nikamwambia watoto hawasomi kalenda. Akacheka, akaenda.

Ijumaa, 12 Aprili

Daraja limechukuliwa na maji. Mwanangu yuko ng'ambo na lori lake na malori mengine mengi, amepiga simu, sauti inakatika. Mke wake hakulia. Alimpigia msindikizaji, akaongea naye kidogo, akaja kunisaidia kukunja nguo. Nilikuwa nimejiandaa kumbembeleza na sikuhitajika. Nilishangaa jinsi nilivyoumia.

Jumatano, 17 Aprili

Naandika ya jana. Nisipoandika leo nitaanza kuyapanga vizuri, na hayakuwa vizuri.

Uchungu ulianza jana alfajiri, siku nyingi kabla ya zilizotajwa. Msindikizaji alifika kumeshapambazuka, amelowa chapachapa, na kitu cha kwanza alichofanya ni kukaa sakafuni karibu na miguu ya mke wa mwanangu na kumwambia, "Nipo. Sina pengine pa kwenda leo." Basi. Hakukimbia huku na huku kama mimi. Nilishapasha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Walitembea koridoni, wakasimama uchungu ukija, wakaegemeana kama watu wanaocheza muziki wa taratibu, wakaendelea. Mwishowe tukaita gari, tukaenda hospitali wote watatu.

Mkunga wa zamu alikuwa mwanamke mpole aliyechoka. Vitanda vimejaa, mapazia ya kijani yanatenganisha mmoja na mwingine, bati linapiga kelele kwa mvua hadi watu wanaongea kwa ishara. Akatutazama. "Anaingia mmoja tu na mgonjwa."

Nikashika mkoba wangu vizuri. Nilishapiga hatua.

Mke wa mwanangu akanitazama, halafu akamtazama yule binti. "Yeye," akasema. "Mama, samahani."

Mlango ukafungwa. Nikakaa kwenye benchi la koridoni nikiwa na shuka zangu mbili na ndala. Nimezaa, nimelea, nimezika mume, sikuwahi kujiona mdogo kama nilivyojiona pale. Sikuwa hata na hasira. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi kanisani.

Saa zilikwenda. Wanawake walipita wameshikilia kuta. Mmoja, msichana mdogo, alikuwa anaita "nesi, nesi" nyuma ya pazia na nesi alikuwa mmoja na mikono yake ilikuwa kwa mwingine. Ile sauti ilinifanya nisimame na kukaa, nikasimama tena na kukaa.

Ndipo mlango ukafunguliwa na msindikizaji akatoka, nywele zimemsimama. Alikuwa amezungumza na mkunga. "Mama, ingia wewe kidogo. Mimi nitakaa hapa mlangoni. Anakuuliza."

"Amenikataa."

"Alinichagua mimi kwa sababu hii ni kazi yangu. Hakukukataa. Ingia."

Nikaingia. Na sasa naandika jambo ambalo hata sasa silielewi. Nilivuka pazia, nikasikia ile harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, nikaona kitanda kimesukumwa ukutani, na mke wa mwanangu akatoa sauti ya chini ambayo haitokei kooni, na miguu yangu ikagoma. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Nilisimama katikati ya chumba na mkoba wangu, jasho linanitiririka mgongoni, na aliponiita "mama" nilisikia kama ananiita kutoka nyumba ya tatu. Mimi niliyekuja kumsaidia.

Sijui nilisimama muda gani. Nilihisi kiti kinagusa nyuma ya magoti yangu, nikakaa bila kutaka. Msindikizaji alikuwa ameingia. Hakuniuliza kitu. Aliuchukua mkoba, akauweka chini, akanishika kiganja na kukipeleka mgongoni kwa mke wa mwanangu, chini kabisa, juu ya mfupa.

"Bonyeza hapa. Akikaza, bonyeza kwa nguvu zako zote. Usiogope, hutamvunja."

Nikabonyeza.

"Nguvu zaidi, mama," mke wa mwanangu akasema, uso umezama kwenye mto. "Hapo. Hapo hapo. Usitoe."

Sikutoa. Mkunga alipopita akatuona wawili, akafungua mdomo, akaufunga. "Kaeni basi," akasema. "Mradi nisiwakanyage."

Nilichokiona kwa muda uliofuata ndicho kilichonimaliza. Binti yule hakufanya muujiza wowote. Alimpa maji kwa mrija. Alimpangusa uso. Alimgeuza ubavu, akamsimamisha, akamrudisha. Uchungu ukija alipumua naye, ukiondoka alimwambia umeondoka. Alipotaka kwenda haja alikwenda naye. Aliposema "siwezi tena," sikusikia yale tuliyoambiwa sisi, kwamba jikaze, wenzako wanaweza. Alimwambia, "Najua. Huu mmoja tu. Huu tuumalize, halafu tutaongea habari ya unaofuata." Na alipochoka yeye mwenyewe, alikula ndizi nne akiwa amesimama, akarudi. Hakutoka. Hicho tu. Siku nzima hakuna wakati mke wa mwanangu aligeuza kichwa akakosa uso wa mtu.

Alasiri mkunga akasikiliza mapigo ya mtoto. Akahamisha kile kifaa, akasikiliza tena. Akaita daktari bila kupaza sauti, na kutopaza sauti kwake ndiko kulikonitisha.

Daktari alikuja mbio, kijana, koti limelowa mabegani. Akasikiliza, akasema, "Mapigo yanashuka. Tunampeleka chumba cha upasuaji sasa hivi," na tayari alikuwa amegeuka kwenda.

Mke wa mwanangu aliganda. Macho yalimtoka. Alinikamata mkono.

Msindikizaji aliinama sikioni kwake. "Una kitu unataka kumuuliza?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Daktari, ana swali."

Daktari alisimama. Naapa nilidhani atatufokea. Alirudi, akachuchumaa karibu na mto, akamtazama usoni. "Uliza."

"Atakufa?"

"Sasa hivi mtoto yuko hai. Anachoka. Tukimtoa haraka nina matumaini naye. Hatukulazi usingizi, utasikia tukimvuta, hutasikia maumivu. Tunahitaji ukubali."

Haikufika dakika. Nikaona mabega yake yanashuka. "Fanyeni," akasema, kwa sauti yake ile ya kazini, ya fundi umeme, ile anayotumia akiwa juu ya ngazi na waya mkononi akiwaambia watu wazime umeme. Mapigo ya mtoto wake yalikuwa yanashuka na yeye ndiye aliyeamua. Sikujua kama inawezekana. Mimi sikuwahi kuamua kitu chochote katika chumba kama kile.

Walimsukuma. Msindikizaji alitembea pembeni ya kitanda amemshika mkono, anaongea naye mfululizo, hadi kwenye mlango ambao hawakumruhusu kuvuka. "Tuko hapa nje," alimwambia. "Mimi na mama. Hatwendi popote. Hatwendi kuchota maji."

Mlango ukafungwa. Tukakaa kwenye benchi. Ndipo nikamwona na yeye amepauka, anatazama viganja vyake.

Sijui nilianza vipi. Nilijisikia ninasema, "Nilikuwa na mtoto kabla ya huyu mwanangu."

Hakushtuka. Aligeuka tu.

Nikamwambia. Kitanda kilikuwa ukutani hivyo hivyo. Ndugu hawakuruhusiwa kuvuka geti. Niliita mpaka sauti ikakauka, na aliyekuwa zamu alikuwa na wengi, sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Mtoto alitoka na sikusikia kitu. Nilisubiri kusikia. Mtu alinifunika shuka, mtu akabeba kitu amekifungia kwenye kitambaa, akasema, "Pole, alikuwa wa kike," akatoka. Niliporudi nyumbani mume wangu alikuwa ameshazika na ameshaondoa nguo zote ndogo ndani ya nyumba. Akaniambia, "Tusiliongelee, litakuumiza." Alikuwa mtu mwema. Hatukuliongelea hadi nikamzika na yeye. Shule ilipofunguliwa niliingia darasani nikaandika tarehe ubaoni.

Msindikizaji akauliza jambo moja tu. "Ulimwona?"

"Hapana."

Sikulia. Nilishangaa kusikia jibu. Nimeishi na jambo hili karibu umri wangu wote wa utu uzima, na sikuwahi kujua kwamba hilo ndilo lenyewe. Si kwamba alikufa. Kwamba sikumwona, na hakuna mtu niliyemjua aliyekuwepo akamwona kwa niaba yangu.

Binti yule aliweka kichwa chake begani kwangu kama vile yeye ndiye aliyehitaji kubembelezwa. Labda ndivyo ilivyokuwa. Tulikaa hivyo.

Mkunga akatoka na uso umefunguka. "Wa kiume. Alichelewa kidogo kulia, akatutisha, lakini sasa anapiga kelele kama mpiga debe. Mama yake mzima."

Msindikizaji akapiga ukelele koridoni. Nilitaka kusema asante nikasema, "Naomba nimwone." Nikarudia mara nyingi. "Naomba nimwone. Naomba nimwone." Hadi mkunga akanishika mkono akanipeleka.

Jumapili, 21 Aprili

Tumerudi nyumbani. Mtoto ana masikio ya babu yake. Mama yake anatembea ameinama, anashika kidonda.

Jumanne, 23 Aprili

Mwanangu amefika. Ameliacha lori ng'ambo, amevuka kwa mtumbwi wa watu, amefika na matope hadi kiunoni. Alisimama mlangoni anaogopa kumshika mtoto kwa uchafu. Tumemwogesha kwanza kama yeye ndiye mtoto.

Alhamisi, 25 Aprili

Mke wa seremala amekuja kumwona mzazi. Ameketi, amekunywa chai, akasema, "Lakini wewe hukuzaa bwana, ulipasuliwa. Na ule mpira wote ule."

Niliona uso wa mke wa mwanangu unazimika. Siku mbili hizi amekuwa akilia akidhani hatumsikii.

Nikasema, "Jirani, chai yako imekwisha."

"Bado ipo nusu, Mwalimu."

Nikachukua kikombe mkononi mwake, nikakimwaga dirishani. "Sasa imekwisha."

Sijawahi kumfukuza mgeni tangu nizaliwe. Sote wawili tulitazamana kwa mshangao, sijui ni nani aliyeshangaa zaidi, mimi au yeye. Alipotoka, mke wa mwanangu alicheka hadi akashika kidonda na kuniomba nisimchekeshe, na mimi sikuwa nachekesha.

Jumatatu, 29 Aprili

Msindikizaji amekuja. Amekula sahani tatu. Nilimpakulia mwenyewe.

Kisha alimwambia mke wa mwanangu asimulie siku ile tangu mwanzo, kama anavyoikumbuka. Ilikuwa vipande vipande. Anakumbuka ndizi. Anakumbuka mkono mgongoni. Kisha taa kali, kisha hakuna. "Nahisi kama nilishindwa," alisema. "Kama mwili wangu uligoma na watu wakafanya kazi yangu."

Na yule binti akamjazia. Uliamka ukatembea. Uliniambia nikugeuze ubavu ule, si huu. Daktari alipokuja ulimsimamisha, ukamuuliza, ukakubali mwenyewe. Nilikuwepo, nilikuona. Mimi nami nikajikuta naingiza yangu: kwamba alisema "fanyeni" kwa sauti ya fundi umeme. Kwamba nilipopelekwa kumwona, mtoto alikuwa kifuani kwake na yeye alikuwa anamwambia, "Kumbe ni wewe."

"Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nilisikia kwa masikio yangu."

Alilia, lakini kilio kingine. Niliwaangalia wawili wale nikaona tulichomfanyia: siku yake ina mashahidi. Ikimpotea, sisi tunayo.

Alipokuwa anaondoka, msindikizaji aliniuliza taratibu mlangoni kama nimewaambia. Nikasema bado. Hakunisukuma. Aliomba chakula cha kubeba.

Ijumaa, 3 Mei

Nimewaambia leo. Sikuwa nimepanga. Mwanangu alikuwa anakata kucha za mtoto kwa hofu, ulimi nje kama anavyofanya akirudisha lori nyuma kwenye uchochoro, akasema, "Hivi mama, mimi kama mtoto wa kwanza nilikusumbua?"

"Wewe si wa kwanza."

Alidhani natania. Alipoona sitanii aliweka kikata kucha mezani. Nikawasimulia kama nilivyomsimulia yule binti, na safari hii sauti haikuwa ya mtu mwingine. Mwanangu ni mtu mzima, ana ndevu, amelala na lori porini na simba wakiunguruma, na leo nimemwona anatazama huku na huku sebuleni kama mtu aliyeambiwa kuna mtu mwingine ndani ya chumba.

"Nina dada?" akauliza.

Hakusema "nilikuwa na". Alisema "nina".

Mke wake alikuwa ananyonyesha. Hakusema pole. Nilishapewa pole siku ile na mtu aliyekuwa na haraka, na nadhani alilijua hilo. Aliuliza, "Anaitwa nani, mama?"

"Hakupewa jina. Hakukuwa na nafasi."

"Sawa," akasema. Akamhamisha mtoto titi la pili, akamtengeneza kichwa. "Lakini wewe ulikuwa unamwitaje? Akiwa tumboni."

Nilifungua mdomo nimwambie kwamba sikuwa namwita chochote. Hilo ndilo nililoamini maisha yangu yote, na nilikuwa tayari kuapa. Na jina likatoka. Lilitoka zima, halina hata vumbi, kwa sauti ya msichana niliyekuwa wakati ule, mwalimu mpya anayeongea na tumbo lake njiani kwenda shule. Sikujua kama ninalo. Nilijiziba mdomo kwa kiganja kama mtu aliyetukana.

Mke wa mwanangu akalirudia, polepole, kama mtu anayejifunza kulitamka vizuri. Kisha mwanangu akalirudia.

Sitaliandika hapa. Halina haja ya kukaa kwenye karatasi, kuna watu watatu wanaolijua.